Kreuzer 6 ya mwaka 1849: fedha kiduchu, ila ina mengi

Wapo wakusanyaji wa sarafu kongwe wanaozidharau sarafu ndogo za Dola ya Austria, na wana hoja. Chukua kreuzer 6 ya mwaka 1849. Uzito wake ni gramu 1.9 hivi, na madini ya fedha ndani yake hayafiki asilimia 45. Kilichobaki ni shaba. Ukiiyeyusha hupati hata gramu moja ya fedha safi. Tena si adimu: zile zenye herufi A, yaani zilizopigwa Vienna, zimejaa kila mahali. Anayetafuta akiba ya madini heri anunue reale ya Maria Theresa, ile iliyotumika hata pwani yetu, yenye zaidi ya gramu 23 za fedha safi.

Hesabu hiyo naikubali. Nisichokubali ni kwamba sarafu hupimwa kwa mizani peke yake.

Mapinduzi ya 1848 yalipozuka katika dola hiyo, watu walificha sarafu nzuri majumbani. Chenji ikaadimika sokoni kiasi kwamba noti za gulden moja, yaani kreuzer 60, zilikatwa vipande ili watu waweze kurudishiana. Jibu la serikali lilikuwa hii kreuzer 6. Haina sura wala jina la mfalme. Ina tai wa vichwa viwili na maandishi yanayosema wazi kuwa ni sarafu ya chenji, kwa hiyo wanaoiita wizi kwa uchache wa fedha yake wanaionea kidogo. Hata hivyo, lipo linalonikera: dola hiyohiyo iliwatengenezea wafanyabiashara wa ng'ambo reale ya fedha nzuri, huku mwananchi wake akinunulia mkate fedha iliyojaa shaba.

Wakati huohuo waasi wa Hungaria waliopigana na dola hiyo, chini ya kiongozi wao Kossuth, walikuwa wakipiga kreuzer 6 yao katika mji wa Nagybánya, yenye maneno HAT KRAJCZÁR, yaani kreuzer sita kwa Kihungaria, na herufi NB. Agosti 1849 jeshi lao lilisalimu amri. Thamani moja, mwaka mmoja, serikali mbili zinazopigana: kwangu mimi jozi hiyo ni sababu tosha ya kukusanya, na haihitaji mfuko mnene.

Hatari kubwa kwa mnunuzi ni usafishaji. Kabla ya kupigwa chapa, vipande vya aloi kama hii vilichovywa kwenye asidi iliyoondoa shaba ya juu na kuacha ngozi nyembamba ya fedha. Ngozi hiyo ndiyo weupe wote unaouona. Muuzaji akiisugua kwa magadi ili ing'ae, anaila, na hakuna dawa ya kuirudisha. Kabla ya kulipa, tazama kwa lenzi kifua cha tai na mataji yake, sehemu zilizoinuka. Hapo ndipo wekundu wa shaba hutokeza ngozi ikilika. Wekundu wa matumizi huja taratibu na kufifia kuelekea pembeni. Wa kusuguliwa huambatana na mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja. Yenye wekundu wa kwanza mimi nainunua bila wasiwasi.