Kishikwambi kimoja, wanafunzi 84
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema vishikwambi (tableti) vimeleta mapinduzi darasani. Mimi ni mwalimu wa Hisabati, huu mwaka wa 19 kazini, na changu nilikipata baada ya Sensa ya 2022 hapa Tanzania, vile vilivyotumika kuhesabu watu vilipogawiwa walimu. Kimenisaidia, sikatai. Muhtasari wa somo, azimio la kazi (mpango wa ufundishaji), maandalio ya vipindi, vyote natembea navyo mkononi. Lakini darasani wako 84. Nikikiinua kuonyesha mchoro wa pembetatu, wa mbele wanaona, wa nyuma wanaona visogo vya wenzao. Mwisho narudi kwenye chaki. Na bando natoa mfukoni mwangu (hapo mwandishi kapita kimyakimya).

Waliobadilika hasa ni watoto. Juzi kijana wa kidato cha tatu kaniletea jibu alilopewa na simu ya kaka yake, hatua zote zimenyooka kuliko zangu. Nikamwambia haya, njoo ubaoni urudie. Kasimama na chaki mkononi kama kashika nge. Siku hizi kazi za nyumbani nasahihisha kwa mdomo: hebu nieleze, hapa umefikaje?