Bustani iko uani, mama yuko shambani

Iringa, Njombe na Rukwa ni ghala la chakula la Tanzania. Ndizo pia zilizoongoza kwa udumavu katika utafiti wa afya wa mwaka 2022: Iringa karibu watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano, Njombe na Rukwa kama nusu, ilhali wastani wa taifa ni 30. Magunia ya mahindi yamejaa ndani, na mtoto ni mfupi kuliko umri wake.

Dawa inayoandikwa kila mara ni bustani ya mboga na maji safi. Wanaoitetea wana hoja. Tuta la mchicha au matembele humpa mtoto vitamini A ambayo sembe haina, na asiye na eneo hujaza udongo na samadi kwenye gunia akapanda sukuma wiki mlangoni.

Ila mboga peke yake haimrefushi mtoto. Tumbo la mtoto wa miezi tisa ni dogo. Ukishalijaza uji mwepesi, nafasi imekwisha. Anataka yai, dagaa, maziwa, karanga za kutwanga. Mayai yenyewe huishia gulioni, kwa kuwa ndiyo yanayonunua chumvi na daftari.

Kwenye maji ubishi ni mkali zaidi. Jaribio kubwa la Kakamega, Bungoma na Vihiga, magharibi mwa Kenya, ambalo matokeo yake yalitoka 2018, liligawa klorini, vyoo bora na vifaa vya kunawia mikono. Watoto hawakuwazidi wenzao kimo, wala kuhara hakukupungua. Walioongezeka, tena kidogo tu, ni wale ambao familia zao zilipewa ushauri wa lishe na chakula cha nyongeza. Kuna wanaosema basi fedha za maji zihamishiwe kwenye chakula. Nadhani wanaruka jambo moja: klorini ililetwa, kisima hakikusogezwa. Mama aliendelea kutembea umbali uleule na ndoo kichwani.

Muda wa mama ndio unaosahaulika. Msimu wa palizi anaondoka alfajiri, uji anauacha kwenye chupa ya chai, na mlishaji ni binti wa miaka saba ambaye naye anataka kwenda kucheza. Mletee mama huyo bustani ya kumwagilia asubuhi na jioni, kiangazi, kwa maji ya kubeba, umemtwika kazi nyingine. Kufika mwezi wa tisa mchicha umekauka, kilichobaki wima ni bango la mradi.

Ningeambiwa nichague, ningeanza na bomba karibu na nyumba, mboga zifuate. Na semina za lishe zisiitiwe akina mama peke yao. Gunia lipi liuzwe na lipi libaki, mara nyingi anayeamua ni baba, na siku ya semina yeye yuko kijiweni.