Mizani Haidanganyi

Raha ya kazi ya maabara katika kiwanda cha plastiki ni moja tu: kumwambia mtu mkubwa kuliko wewe kwamba mzigo wake haufai. Siku nyingine zote ni kukata, kupima na kuandika. Punje zinaingia kwenye magunia ya kilo 25, unachota konzi moja, unapima, majibu yanalingana na cheti cha mzigo, unagonga muhuri, unarudi kwenye kiti. Nilikuwa na miezi 7 kazini na sijawahi kukataa hata gunia moja. Muhuri wa IMEKATALIWA ulikuwa kwenye droo, mpira wake ungali mpya, haujaonja wino.

Niongeze kwamba daftari zangu zilikuwa safi kuliko za mtu yeyote pale maabara. Kila kisanduku kimejazwa, kila saini mahali pake. Hilo liweke akilini, tutalirudia.

Kwa asiyejua, kipimo chetu kikuu cha malighafi tunakiita emefai. Usitishwe na jina, ni kutaka kujua tu plastiki ikiyeyuka inatiririka kwa wepesi gani. Unajaza punje gramu 4 au 5 kwenye silinda ndogo yenye joto la nyuzi 190, unashindilia hewa itoke, unasubiri ziive, halafu unashusha pistoni na kuibebesha mzigo wa kilo 2.16. Plastiki inatokea chini, kwenye tundu lenye kipenyo cha milimita 2.095 (ndiyo, mpaka hiyo 5 ya mwisho), kama dawa ya meno inayokaribia kwisha. Unakata kipande kila baada ya muda uliopangwa, unakipima, kisha unapiga hesabu: kwa dakika 10 zingetoka gramu ngapi?

Sisi tulikuwa tunapuliza madumu, na punje za madumu jibu lake ni karibu 0.4. Hiyo ni plastiki mvivu, inayotoka kwa kusukumwa. Kipande kimoja unakisubiri dakika 4, na dakika 4 za kuitazama plastiki ikijikokota si sawa na dakika 4 za kawaida.

Lakini uvivu wake ndio tunaoutaka. Dumu huanza kama mrija mnene wa plastiki ya moto unaoning'inia hewani, kisha kalibu inaufumba na kuupuliza. Plastiki ikiwa laini mno, mrija unajivuta kwa uzito wake wenyewe: juu unakonda, chini unanenepa, na dumu linatoka na mabega ya karatasi. Ulibebe limejaa, utaniambia.

Basi Jumatano moja asubuhi ukaja mzigo mpya, magunia 800. Nikachukua sampuli, nikayeyusha, kipande cha kwanza nikakitupa kama ilivyo desturi, cha pili nikakiacha kipoe na kukiweka kwenye mizani. Siku zote kipande kile kinasoma 0.160 hivi. Siku hiyo kilisoma 0.800.

Nikakokotoa. 2.0!

Moyo ulinienda mbio, na sitakuficha, ulikwenda mbio kwa furaha. Cheti kinasema 0.4, mimi nimepata mara 5 yake. Siku yangu imefika.

Ila mimi si mtu wa kukurupuka. Nikasugua silinda kwa kitambaa cha pamba mpaka ikang'aa kama kioo. Nikapitisha sindano ya ukaguzi kwenye lile tundu: halijapanuka. Nikatazama joto: 190, halipandi wala halishuki. Labda mtu wa zamu ya usiku ameacha uzito wa kilo 5? Hapana, ni ule ule wa 2.16. Nikarudia kipimo. 0.801. Nikarudia tena. 0.799. Vipande vinafanana kama mapacha watatu! Sasa nani atanibishia?

Nikaona nikamilishe ushahidi. Kabatini kuna sampuli za akiba za kila mzigo tuliopokea. Nikatoa ya mwezi uliopita, ambayo mimi mwenyewe niliipitisha kwa 0.4. Nikaipima. 2.0.

Hapa mtu mwenye akili zake timamu angeweka koleo chini na kujiuliza swali. Mimi nilijiuliza, na jibu nililopata ni hili: kumbe tumekuwa tukiibiwa mwezi mzima.

Nikachukua punje za vizibo, za msambazaji mwingine kabisa, ambaye hata hawajuani na huyu wa kwanza. Cheti kinasema 2. Nikapata 10.

Wameungana!

Nikashuka kiwandani nikitembea kwa mwendo ule wa mtu aliyebeba siri ya nchi. Mtambo wa madumu ulikuwa chini ya mzee mmoja aliyekuwa akipuliza plastiki tangu mimi sijajua kufunga vifungo vya shati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Zima mtambo."

"Nizime kuna nini?"

"Malighafi mbovu. Laini mara 5 ya inavyotakiwa. Hapo mrija unatakiwa uwe unaanguka."

Tukautazama mrija wote wawili. Ulikuwa umening'inia umenyooka, mnene juu na chini, hauna haraka. Kalibu ikaja, ikaufumba, dumu likatoka. Mzee akalishika, akalibonyeza mabega, akanipa na mimi nilibonyeze.

"Huu ndio unaoanguka?"

"Kwa macho haujaanguka," nikamwambia. "Kwa kipimo umeanguka."

Mzee alinitazama kwa muda. Halafu akafuta mikono, akanifuata maabara aone mwenyewe. Nikampikia sampuli mpya. Tukasubiri dakika zetu 4 kimya, plastiki inajikokota. Nikakata. Kipande kililala kwenye bati, kifupi, kama nusu ya kidole.

"Mwanangu," akasema taratibu, "kama inatoka mara 5, hiki kipande si kingekuwa kirefu mara 5? Mbona ni kilekile cha jana?"

Hoja hiyo ilikuwa kubwa kuliko maabara nzima, na ilitolewa bila kalamu wala kikokotoo. Nami nikaijibu kwa maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka usiku nageukia ukutani.

"Mzee, jicho linadanganya. Mizani haidanganyi."

Mtambo ukazimwa.

Nikafungua droo, nikatoa ule muhuri. Sijui kama umewahi kugonga muhuri mwekundu kwenye magunia, lakini kuna utamu wake. Nilikuwa nimefika gunia la 63 nilipoitwa ofisini kwa meneja. Huko nikaeleza yote, nikachora na jedwali. Meneja alikuwa mtu mgumu kusifia, lakini siku ile alitikisa kichwa akasema, "Bora tuna vijana wenye macho." Akampigia msambazaji simu kwa sauti ambayo hata mlinzi wa getini aliisikia, akawataka walete mtaalamu wao siku hiyo hiyo.

Wakati tunamsubiri, jambo dogo lilikuwa likiendelea kule kwenye mtambo. Plastiki iliyobaki ndani haijui kwamba kuna mkutano. Imekaa kwenye moto, inaungua polepole.

Mtaalamu alifika saa 8 mchana. Mama mmoja mtu mzima, miwani imeshuka puani, mkoba begani. Nilimwamkia kwa adabu zote, maana mtu anayekuja kuaibika unampa heshima yake. Akaomba afanye kipimo mbele yetu. Hakuongea. Akakagua joto, akakagua tundu, akapima ule mzigo wa kilo 2.16 kwenye mizani kubwa ya stoo. Akayeyusha, akasubiri, akakata. Kipande kikalala kwenye bati. Akakitazama, akainua macho akanitazama mimi, akakitazama tena. Ilikuwa sura ile ile ya mzee wa mtambo.

Akakiweka kwenye mizani. 0.800.

"Si unaona?" nikasema. Nilisema hivyo, mbele ya meneja.

"Naona," akasema. "Mna jiwe la kuhakiki mizani?"

Tunalo. Gramu 100, linakaa kwenye kisanduku chenye kitambaa cha mahameli, linashikwa kwa koleo ili jasho la mkono lisiongeze uzito. Akalishika vizuri kabisa, akaliweka katikati ya sahani, akafunga kioo.

Mizani ikasoma 500.000.

Pakawa kimya. Mama akainama, akaweka ukucha wa kidole chini ya kioo cha namba, pembeni kabisa, mahali ambapo siku zote pana herufi moja, g. Siku hiyo palikuwa na herufi mbili: ct.

Nilikuwa nimeziona, ujue. Asubuhi ile ile niliziona. Nilidhani ni dalili kwamba mizani imetulia.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko tusi, "hapa mnapuliza madumu au mnachimba almasi?"

Sikuelewa. Meneja naye hakuelewa, lakini alianza kuvimba.

"Hizi ni karati. Ndizo wanazopimia vito. Karati 5 ni gramu 1." Akabonyeza kitufe kilichoko mbele ya mizani mara moja, mara mbili, mara tatu. Herufi zikabadilika, namba ikarudi 100.000. Kitufe chenyewe kiko ukingoni, pale pale ninapopitisha kitambaa kila nikifuta vumbi. Na jana yake jioni nilifuta, kwa bidii, maana mimi ni msafi.

Ningeomba yaishie hapo. Lakini meneja, akitaka kuokoa heshima ya kiwanda, akasema, "Mama, hii mizani yetu inahakikiwa kila asubuhi bila kukosa. Hii imetokea baada ya hapo. Kijana, lete daftari."

Nilitaka kusema daftari limepotea. Lilikuwa mezani, mbele yetu sote, limefunikwa kwa plastiki.

Akalifungua kwa fahari. Jumatatu, 100.000, saini yangu. Jumanne, 100.000, saini yangu. Jumatano, yaani leo, 100.000, saini yangu.

"Ehee," akasema meneja. Lakini mama wa watu alikuwa bado anasoma, na kidole chake kilikuwa kinaendelea kushuka.

Alhamisi, 100.000, saini yangu.

Ijumaa, 100.000, saini yangu.

Akavua miwani. "Huyu kijana wenu," akamwambia meneja, "mmempeleka maabara kwa kumwonea. Huyu ni wa kupiga ramli."

Sijitetei. Jiwe lile lilisoma 100.000 kila siku kwa miezi 7, na kila Jumatatu nilikuwa na nafasi, nikaona niokoe muda wa wiki nzima.

Kule chini mtambo uliwashwa jioni. Madumu ya kwanza yalitoka na madoadoa meusi ya plastiki iliyoungua, mabega mpaka kitako, na mzee wa mtambo akawa anayatupa kwenye pipa la kusagwa upya, moja baada ya jingine, bila kusema neno. Hayo ndiyo yalikuwa madumu mabovu pekee ya siku ile. Jina nililopewa na zamu yake lilikuwa Sonara, na bado wapo wanaoniletea kipande cha plastiki kilichokatwa ukingoni waniulize kinafika karati ngapi.

Magunia 63 niliambiwa niyafute muhuri kwa mkono, kwa spiriti na kitambaa.

Kesho yake nilifika mapema kuliko wote. Nikatoa jiwe kwa koleo, nikaliweka, nikafunga kioo, nikasoma namba, nikasoma na herufi: g. Nikafungua daftari niandike. Mstari wa Alhamisi na ule wa Ijumaa ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni ya Ijumaa meneja alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: "Siku hii bado haijafika."