Mdau ni yule mwenye dau

Ripoti ya kwanza niliyopewa kuandika kuhusu sera ya umma ilihusu nyavu za kuvulia katika kijiji kimoja cha pwani. Nilipofika, mwenyeji wangu alinikabidhi orodha ya mahudhurio ya mkutano: majina hamsini na kitu, sahihi, nambari za simu na safu ya nauli. Nikaandika kwamba wadau wameafiki. Miezi michache baadaye nilirudi, na mzee mmoja pale pwani akaniuliza hao wadau ni kina nani, maana siku ya mkutano yeye na wenziwe walikuwa dago, kambi ya uvuvi ya mbali na nyumbani, wakifuata samaki wa majira ya kaskazi. Kila neno nililoandika lilikuwa na karatasi ya kulithibitisha, na bado ripoti ile ilikuwa ya uongo.

Tangu hapo nimekuwa nikilitazama neno lenyewe. Dau ni kile unachokiweka mchezoni ukijua kinaweza kupotea. Mdau basi ni aliyeweka kitu. Aliyekaa kiti cha mbele ukumbini si lazima awe mdau, na aliyekosa nauli ya kufika ukumbini huenda ndiye mdau mkubwa kuliko wote. Pwani yetu neno hilohilo ni jina la chombo cha baharini, na wahenga wakasema dau la mnyonge haliendi joshi. Anayeandika kuhusu mjadala wa sera ana kazi ya kuliona dau hilo hata kama limeachwa nyuma na upepo.

Kesi ninayoirudia kila ninapozungumza na vijana wanaoanza kazi hii ni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, Lamu. Mradi ulikuwa wa kampuni ya Amu Power, iliyoundwa na Gulf Energy na Centum, na ulitarajiwa kutoa megawati 1,050. Septemba 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatoa leseni. Muungano wa vikundi vya wenyeji, Save Lamu, pamoja na wakazi wengine, wakaipinga mbele ya Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa.

Wengi wanaikumbuka kesi ile kama ushindi dhidi ya moshi. Mimi naisoma kama somo la orodha ya wadau. Mikutano ilifanyika, na watu walifika wakasikiliza. Kasoro ni kwamba mikutano hiyo ilitangulia utafiti wa athari. Watu waliambiwa mradi unakuja, wakaulizwa maoni, wakarudi makwao. Utafiti ulipokamilika, na madhara kwa bahari, hewa na afya yakawa yameandikwa, wenyeji hawakurudiwa ipasavyo ili wajibu wakiwa na habari kamili mkononi. Ripoti yenyewe ilikuwa nene, kwa Kiingereza cha kitaalamu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, lakini mtu hawezi kushiriki katika jambo asiloelezwa.

Kwa hiyo mwandishi akiona kwenye nyaraka kwamba "wadau walishirikishwa", swali la kwanza ni lini, na la pili ni walikuwa wanajua nini siku hiyo. Idadi ya waliohudhuria ije baadaye kabisa.

Majira nayo yana uzito ambao watu wa ofisini hawaupimi. Wakati wa kaskazi bahari hutulia na wavuvi wa Lamu hutoka mbali. Kusi ikivuma, vyombo vidogo hujificha ndani, kwenye mikondo na vijito vya mikoko. Ukienda kaskazi peke yake ukachora ramani ya sehemu za uvuvi, utaona yale maji ya ndani hayana mtu, na utaandika kwamba kuyafunga hakumuumizi yeyote. Kumbe ndiyo akiba ya mvuvi wa mtumbwi kwa nusu mwaka. Unatakiwa kwenda mara mbili. Ni gharama, najua, lakini sijaona njia ya mkato.

Suala hili lina pesa ndani yake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari mpya. Mara tu fidia inapotajwa, kuhesabiwa kuwa mvuvi ni jambo la riziki. Mwenye chombo anajulikana. Je, kijana anayevuta wavu wa jarife kwa ujira wa siku? Je, mama karanga anayenunua samaki mchangani, akawakaanga, akasomesha watoto kwa mafuta hayohayo, ilhali jina lake haliko kwenye daftari lolote la wavuvi? Samaki wakipungua, yeye ndiye hukosa mtaji wa kesho kabla ya mtu mwingine yeyote. Kila nikimwandika mvuvi sasa, natafuta na aliyemsubiri ufukweni.

Nina lawama pia kwa sisi tuliokuwa upande wa kuupinga mtambo, nami nilikuwa huko moyoni. Tuliandika "jamii ya Lamu inapinga" kana kwamba Lamu ni mtu mmoja. Walikuwapo vijana waliotaka ajira na wenye mashamba waliosubiri fidia. Hao hawakuwa wasaliti wala hawakuwa wamenunuliwa, ila dau lao lilikuwa jingine. Mtu aliyeambiwa ardhi yake itanunuliwa hupanda kwa moyo mzito, maana hajui kama atavuna. Kuwaficha wenye maoni hayo hakukuwasaidia wavuvi kwa lolote, na kulituondolea haki ya kuwalaumu waliowaficha wavuvi.

Halafu yuko mdau ambaye sikumsikia kwenye baraza lolote. Mkataba wa kuuza umeme wa mtambo ule kwa Kenya Power ulikuwa wa miaka 25, na mikataba ya aina hiyo huitaka kampuni ya umeme ilipe hata kwa umeme isiouchukua. Mwaka 2019 mahitaji ya juu kabisa ya umeme ya nchi nzima hayakufika megawati 2,000. Weka hapo megawati 1,050 mpya kwa mpigo. Anayenunua tokeni kwa simu huko Kisumu au Nakuru, ambaye pengine hajawahi kuiona Lamu, angekuwa ndani ya mjadala huo kwa robo karne bila kualikwa hata siku moja. Nilimgundua nilipoanza kufuata malipo, hatua kwa hatua: nani anamlipa nani, kwa muda gani, na mambo yakiharibika nani anabaki na deni.

Watu huniambia haki ni kumpa kila upande aya zake sawa. Sikubali. Kampuni ina msemaji, ina mwanasheria, ina taarifa iliyopigwa chapa tayari. Ukiipigia simu asubuhi, jioni una jibu. Mkata mikoko wa Siyu hana hata kimoja. Nikiwapa muda sawa wa kazi yangu, nimeshampendelea mmoja. Kwa hiyo muda wangu mwingi naupeleka kule ambako majibu hayaji kwa barua pepe, na nikiandika nasema wazi kila mtu ameweka nini: huyu fedha za wawekezaji, huyu kiti cha uchaguzi ujao, huyu mahali pa kuvulia alipoachiwa na babake.

Ile ripoti ya nyavu niliiandika upya. Nilikwenda wakati wa kusi, vyombo vikiwa vimevutwa juu na wanaume wakishona nyavu chini ya mti wa mkungu, nikakaa siku sita bila karatasi ya mahudhurio. Mzee yule alinitajia kwa majina sehemu kumi na moja za uvuvi, na ni mbili tu kati ya hizo zilizokuwamo kwenye ripoti yangu ya kwanza.