Karakana imeokolewa, ukumbi wa mafundi umeachwa uoze

Kuna watu mjini Swindon, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambao hadi leo hawataki kukanyaga yale maduka ya nguo za punguzo yaliyofunguliwa mwaka 1997 ndani ya karakana za zamani za reli. Wanayaona ni matusi: pale baba zao walipokuwa wakifua vyuma, leo watu wanajaribu raba. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Maduka ndiyo yaliyolipia paa. Bila kodi ya wapangaji, kuta zile zingefuata majengo mengine mengi ya kiwanda kile, ambayo tingatinga lilishayamaliza. Kwa miaka mingi palikuwa hata na kichwa cha treni cha mvuke kilichoegeshwa karibu na sehemu ya kula, watoto wakitafuna chipsi ubavuni mwake. Si heshima ya kanisani, lakini mtoto aliyekiona pale amekiona.

Ugomvi wangu na Swindon uko upande wa pili wa reli. Kuna njia ya chini kwa chini inayopita chini ya mataruma, ambayo mafundi waliitumia kuingia kazini kila asubuhi. Ipite kinyume, maduka ukiyaacha nyuma, utatokea kwenye mtaa wa nyumba ndogo za mawe, na katikati yake kuna jengo kubwa lililozibwa madirisha. Hilo ndilo Mechanics' Institute, yaani Taasisi ya Mafundi, ukumbi wao wa kukutania. Limefungwa tangu 1986.

Msomaji wa Nairobi hahitaji maelezo marefu kuhusu mji uliozaliwa na reli. Swindon ya zamani ilikuwa mji mdogo wa soko juu ya kilima. Kampuni ya Great Western ilipojenga njia yake kutoka London hadi Bristol, Daniel Gooch, kijana wa miaka 24 aliyesimamia vichwa vya treni, alimshauri mhandisi mkuu Isambard Kingdom Brunel kwamba karakana ijengwe pale bondeni. Ilianza kazi mwaka 1843. Zikajengwa nyumba za wafanyakazi, na mitaa ikapewa majina ya miji ambayo treni zilielekea: Bristol, Bath, Taunton, Exeter. Ilipofika kilele, karakana iliajiri watu zaidi ya 14,000. Machi 1960 kilitoka pale Evening Star, kichwa cha mwisho cha mvuke kutengenezwa kwa shirika la reli la taifa. Mwaka 1985, wakati Great Western ikiadhimishiwa miaka 150, mafundi wakaambiwa karakana inafungwa. Mwaka uliofuata, mwezi Machi, geti likafungwa.

Hayo ndiyo yanayosimuliwa kwenye jumba la makumbusho la STEAM, ambalo ni zuri na nalipendekeza kwa yeyote. Lakini historia ya karakana ni ya kampuni. Historia ya mafundi wenyewe ilikuwa ng'ambo ile ya reli, kwenye lile jengo bovu.

Taasisi waliianzisha mwaka 1844, karakana ikiwa haijamaliza hata miaka miwili: vitabu vya kuazimana, masomo ya jioni, muziki. Walipotaka jengo, mwaka 1853 ikaundwa kampuni ya hisa ili fedha zipatikane, na mwaka 1855 milango ikafunguliwa: maktaba, chumba cha kusomea magazeti, ukumbi wa maigizo na dansi. Mwaka 1847 walikuwa wameshaanzisha mfuko wa matibabu unaokatwa kwenye mshahara, ambao baadaye ulikuwa na madaktari wake, hospitali yake, hata mabwawa ya kuogelea. Wenyeji hupenda kusema kwamba huduma ya afya ya taifa ya mwaka 1948 ilinakiliwa kwao. Kuna chumvi hapo, lakini si uongo mtupu.

Ninachokipenda zaidi ni safari ya mwaka, ambayo Taasisi ndiyo iliyoiandaa. Mwaka 1849 watu wapatao 500 walipanda treni ya bure kwenda Oxford. Kabla ya vita kuu ya kwanza, waliokuwa wakiondoka kila Julai walizidi 20,000, wengi wakielekea pwani na familia zao, na mji ukabaki mtupu. Usidhani ilikuwa likizo ya malipo. Hadi 1938 wiki hiyo haikuwa na mshahara, kwa hiyo watu walidunduliza mwaka mzima, na waliporudi walikaza mkanda.

Sasa, kwa nini karakana ikaokolewa na ukumbi usiokolewe? Jibu langu halina siri. Banda kubwa lenye paa refu linamfaa mpangaji yeyote. Ukumbi uliojengwa ili watu wakutane hauna mpangaji wa namna hiyo. Umekuwa ukipita mikononi mwa wawekezaji, mipango ikichorwa na kufa, huku mvua ikifanya kazi yake. Wananchi waliunda mfuko wa kuupigania tangu miaka ya 1990. Na hapa pana kichekesho kichungu: kwenye karakana ya mabehewa iliyokarabatiwa, tangu 2021 kuna tawi la chuo kikuu linalofundisha uhifadhi wa urithi. Mwanafunzi akitaka mfano wa jengo linalokufa, atembee dakika chache tu.

Najua jibu la halmashauri: fedha hakuna, wazee wanahitaji huduma, barabara zina mashimo. Ni kweli. Lakini halmashauri hiyo hiyo ilizinunua zile nyumba za mawe kutoka kwa reli katika miaka ya 1960, wakati wengi wangeziita vibanda vya kubomolewa, ikazikarabati, na mpaka leo watu wanaishi humo. Haikusubiri mwekezaji. Sheria ya mwaka 1990 pia inaziruhusu halmashauri kumpa mmiliki wa jengo la urithi ilani ya matengenezo, na akipuuza, kulitwaa. Na mfuko wa bahati nasibu ya taifa, uliosaidia kuianzisha STEAM, upo bado.

Simtaki mwenye ndoto ya hoteli ya kifahari. Zimeshaotwa za kutosha. Paa kwanza, halafu ghorofa ya chini ifunguliwe hata kama juu bado ni vumbi: chumba cha mikutano, masomo ya Kiingereza kwa wageni wanaoendelea kuhamia Swindon, dansi ya Ijumaa. Vyumba vya juu vikipangishwa kama makazi ili vilipie umeme, sitalalamika.