Saa ni ya Nani? Gemu ya Mtu Mmoja na Gemu ya Wengi

Ukicheza Stardew Valley, gemu ya kulima shamba, peke yako, ukafungua begi kupanga mbegu, saa iliyo kwenye kona ya skrini inasimama. Waweza kuinuka ukaanika nguo, ukarudi, ukakuta kuku wako palepale na jioni haijafika. Nilicheza hivyo miezi mingi. Siku mdogo wangu alipojiunga nami kwenye shamba jipya, nilifungua begi kama nilivyozoea, nikaanza kutenga mbegu za viazi na za maharage, na nilipolifunga jua lilikuwa limeshahama. Sekunde saba za kwetu ni dakika kumi za kule, na ukishakuwa na mwenzako begi halizuii kitu. Hata kulala ni kwa makubaliano: mmoja akiwa bado mgodini, mwingine anabaki kitandani akimsubiri, au saa nane za usiku ziwakute wote wawili.

Sehemu hiyo ya kucheza na wenzako iliongezwa 2018, miaka miwili baada ya gemu kutoka, na imetengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Sina kinyongo nayo. Ila ndiyo iliyonifungua macho kuhusu ubishi huu wa siku nyingi, gemu ya mtu mmoja dhidi ya gemu ya wengi. Kwa kawaida tunabishana kama watu wanaogawana keki: studio imetumia nguvu kiasi gani kwenye hadithi, kiasi gani mtandaoni, na nani kapunjwa. Mimi naona jambo kubwa zaidi ni sheria. Ukicheza peke yako, saa ni yako, ugumu umepimwa kwa mikono yako, na dunia inakungoja. Akiingia mwenzako, vyote hivyo vinakuwa vya shirika. Studio inayotaka kutoa vyote viwili lazima iamue sheria za nani zitashika, na hapo ndipo nyingi zinapojikwaa.

Wanaotetea gemu za wengi wana hoja nzito, na wapenzi wa hadithi kama mimi tuna tabia ya kuipita haraka. Pong ya 1972, gemu ya mfano wa tenisi, ilikuwa ya watu wawili, kila mmoja na kirungu chake. GoldenEye 007 ya 1997, gemu ya kupiga risasi, ilitengenezwa kama gemu ya mtu mmoja. Sehemu ya wachezaji wanne kwenye skrini iliyogawanywa iliingizwa mwishoni mwa kazi, na ndiyo ambayo watu wengi wanaikumbuka hadi leo. Sababu yake haina siri. Adui wa kompyuta ukishapigana naye mara tatu umemmaliza, unajua atatokea mlango gani. Binadamu anakumbuka ulijificha wapi jana, anakutega papo hapo, halafu anacheka nawe. Hakuna mwandishi wa hadithi anayeweza kukuandikia hilo.

Na kuna fedha. Grand Theft Auto V ilitoka 2013 na hadithi ya wahusika wakuu watatu. Baada ya hapo hadithi haikuongezwa sura hata moja, lakini sehemu ya mtandaoni imelishwa vitu vipya kwa zaidi ya miaka kumi. Ukiwa mkuu wa studio ukaona watu wanarudi kila wiki na wanaendelea kununua, utaelekeza wapi mafundi wako? Sioni ulafi mtupu hapo. Studio ina mishahara ya kulipa, na gemu ya hadithi huuzwa mara moja ikaisha.

Lakini njia hiyo nayo ina mashimo. Concord, gemu ya mtandaoni ya kupigana risasi, ilifunguliwa Agosti 2024 ikazimwa baada ya wiki mbili, kazi ya miaka kadhaa ikatoweka. Naughty Dog, waliojijengea jina kwa gemu za hadithi, waliifuta gemu yao ya mtandaoni ya The Last of Us Desemba 2023. Maelezo waliyotoa yalikuwa ya wazi: kuihudumia baada ya kutoka kungemeza rasilimali za studio nzima kwa miaka, na gemu zao za mtu mmoja zingeumia. Naiheshimu kauli hiyo. Ni nadra studio kukiri hadharani kwamba haiwezi kubeba mizigo yote miwili.

Turudi kwenye sheria, maana huko ndiko mchezaji anakoumia bila kujua kilichompata. Chukua bunduki moja katika Destiny 2, gemu ya mtandaoni ya kupiga risasi. Kwa majini na mashine ya kompyuta inatakiwa iwe na nguvu ya kufurahisha, uwafagie kumi kwa mpigo. Ielekeze kwa binadamu mwenzako, nguvu hiyohiyo inakuwa dhuluma: anakufa kabla hajaona risasi ilikotoka, analalamika, na ana haki. Bunduki ikipunguzwa makali ili apone, aliyekuwa akicheza na majini tu anaamka asubuhi akakuta silaha aliyoihangaikia imekuwa fimbo, kwa kosa lisilo lake. Bungie, watengenezaji wake, wamelazimika kuweka vipimo tofauti kwa kila upande, na bado ubishi haujaisha. Novemba 2020 walikwenda mbali zaidi, wakaiondoa kabisa kampeni ya Red War, hadithi ambayo gemu iliuzwa nayo 2017. Upo ugumu wa kiufundi wa kubeba gemu inayonenepa kila msimu, naukubali. Lakini mtu aliyeinunua kwa ajili ya hadithi ile hana pa kuichezea tena.

Mass Effect 3 ya 2012, gemu ya hadithi ya anga za juu, ilikosea kwa namna nyingine. Utayari wa galaksi yako kwa vita vya mwisho ulianza kwenye asilimia 50, na njia kuu ya kuupandisha ilikuwa kucheza mechi za mtandaoni. Mtu aliyetembea na wahusika wake gemu tatu nzima, akifanya maamuzi yake usiku peke yake, anaambiwa mwishoni kwamba hesabu ya jeshi lake inapunguzwa kwa sababu hakwenda kupiga risasi na wageni. Mechi zenyewe zilikuwa nzuri, hata nilizipenda. Kosa lilikuwa kamba iliyozifunga kwenye hadithi. Toleo la Legendary la 2021 lilitoka bila sehemu hiyo ya mtandaoni, na hadithi ilisimama vizuri bila yake.

Kuna pia seva, zile kompyuta za kampuni ambazo gemu hujiunga nazo kwa mtandao, na hapa sina subira. The Crew, gemu ya magari ya 2014, ilikuwa na hadithi yake na barabara ndefu ambazo ungeweza kuziendesha bila kukutana na mtu. Ilihitaji seva wakati wote hata hivyo. Tarehe 31 Machi 2024 seva zilizimwa, na diski kwenye rafu ikabaki plastiki. Kuendesha seva kunagharimu, na wachezaji walikuwa wamepungua. Hiyo ni haki ya kufunga mashindano ya mtandaoni, wala sioni inavyokuwa haki ya kumfungia mtu barabara anayoendesha peke yake. SimCity ya 2013 nayo ilitoka ikidai intaneti muda wote, seva zikazidiwa siku za mwanzo watu wakashindwa hata kuingia. Mwaka mmoja baadaye ikapata njia ya kucheza bila mtandao, kwa hiyo jambo lenyewe linawezekana pakiwa na nia.

Zipo zilizofaulu, na sioni iliyofaulu kwa kugawa nusu kwa nusu. Katika Journey ya 2012 unatembea jangwani, na huenda akatokea msafiri mwingine, mtu halisi kutoka popote duniani. Huoni jina lake, hamwezi kuongea, mnapeana tu mlio mfupi kama wa ndege. Mkigusana, skafu zenu zinapata nguvu ya kuruka. Akiondoka, hakuna mlango unaofungwa, unaendelea na safari yako hadi kileleni. Dark Souls nayo inakuachia peke yako, ila chini kuna ujumbe wa waliopita na madoa ya damu yanayokuonyesha sekunde zao za mwisho. Ukaona doa ukingoni mwa korongo, unapunguza mwendo. Wengi wamekusaidia bila kukugusa. Lawama yangu kwa waliotengeneza gemu hiyo ni moja: hata katika gemu yao ya Elden Ring ya 2022, ukiwa umekata mtandao kabisa, hakuna kitufe cha kusimamisha pambano. Mtoto akilia katikati ya pambano na bosi, yaani adui mkubwa, unachagua kufa.

Na It Takes Two ya 2021 ilikataa mchezaji mmoja moja kwa moja. Ni wawili au hakuna. Ila mmoja akinunua, rafiki yake anaingia bila kulipa. Nani atalalamika kwamba kapunjwa wakati masharti yalikuwa wazi mlangoni? Kwangu uamuzi wa namna hiyo unazidi kampeni ya saa nne iliyobandikwa ili tangazo lisomeke vizuri, na unazidi pia mechi za mtandaoni zilizotupiwa gemu ya hadithi, ambazo baada ya mwezi hupati hata mtu wa kucheza naye.

Hata Stardew Valley, ukianzisha shamba jipya, inakuuliza kama upunguze faida ya mazao, maana mikono minne inatajirika haraka kuliko miwili. Mimi na mdogo wangu tuliipunguza hadi asilimia 50 na shamba letu bado linatupa jasho. Lile langu la zamani sikulichanganya na hili. Sasa hivi ninapoandika liko wazi kwenye skrini, mvua inanyesha kule, saa imesimama saa nne asubuhi, na begi bado limefunguliwa.