Jua la Kigoma Halisaini Kitabu cha Mahudhurio

Mwalimu mgeni, karibu Kigoma. Weka begi chini, kalia hicho kiti, ila egemea upande wa ukutani maana mguu wa nne uko kwa fundi tangu muhula uliopita. Kila mwaka mnaletwa, kila mwaka anatafutwa mtu wa "kumwonyesha mwenzetu mazingira", na kila mwaka mtu huyo ni mimi. Posho haina, chai haina. Kwa hiyo nasema mara moja.

Kwanza shukuru umefika. Treni ikifika Tabora inakatwa: mabehewa mengine yanageuka kwenda Mwanza, mengine yanakuja huku. Aliyelala kwenye behewa la rafiki yake anaamka Shinyanga. Reli yenyewe ilifika hapa mwaka 1914, ikaliona ziwa, ikasimama. Ndiyo maana tunaitwa mwisho wa reli, na ndiyo maana chaki zetu nazo hufika mwisho.

Tuje kwenye jua, maana ndilo litakalokugombanisha na mkuu wa shule. Saa ya Dar es Salaam na saa ya Kigoma ni ileile, serikali haibagui. Jua linabagua. Dar iko digrii 39 na ushee mashariki, Kigoma digrii 29 na ushee. Dunia inachukua dakika 4 kuzunguka digrii moja. Piga hesabu: jua linatufikia likiwa limechelewa kama dakika 39 nyuma ya Dar. Mwezi Julai, kengele ya saa moja asubuhi inagongwa jua lenyewe bado liko nyuma ya vilima linajinyoosha. Hiyo kengele ni rimu ya lori inayoning'inia mwembeni. Mtoto anafagia majani asiyoyaona. Mwalimu wa zamu anaandika wachelewaji kwa tochi ya simu. Mchelewaji mkuu anakuja baada ya saa moja, mwekundu, hana haraka, hana barua ya mzazi, na hakuna anayemtuma kuokota takataka.

Halafu kuna kusoma hiyo saa. Ratiba ya sekondari imeandikwa 7:30, mdomo unasema saa moja na nusu. Kanuni ni sita: toa sita au ongeza sita, basi. Ukisikia kikao ni saa nane, ukaja na nane ya kwenu, umefika saa mbili asubuhi. Umewahi kwa saa 6, na kikao kitaanza saa tisa. Na ukiambiwa mtu anasafiri usiku wa kuamkia Jumanne, huo ni usiku wa Jumatatu. Usiende stesheni Jumanne usiku na kuku wa kumuaga. Kuku utarudi naye.

Salamu. Kutoka nyumba za walimu hadi ofisini ni kama mita 800, dakika 10 kwa mguu. Wewe weka 25. Huku Uha, nchi ya Waha, salamu si neno, ni shughuli: "Mwakeye!" ya asubuhi, viganja vinagongwa taratibu, mwili unainama kidogo, anaulizwa mama, wanaulizwa watoto, yanaulizwa mashamba. Ukijibu "poa" huku unatembea, kufikia saa nne kijiji kizima kinajua una ugonjwa wa moyo au una dharau. Mtoto akikuamkia "Shikamoo mwalimu", jibu ni "Marahaba". Wapo wageni ambao hulipenda sana neno "shikamoo" hata wakalitumia kwa watoto wa darasa la pili. Darasa la pili halifundishiki tena wiki hiyo.

Makaratasi usiniulize sana, ila moja lijue maana linawatoa jasho wengi. Kuna kibali cha kazi na kuna kibali cha ukaazi, ofisi mbili tofauti, na vyote viwili vimepangwa kwa herufi. Sasa herufi hizo si ndugu. Kwa kibali cha kazi, chini ya sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015, daraja B ndilo linalowataja walimu wa sayansi na hisabati. Kwa kibali cha ukaazi, B ni ya mgeni yeyote aliyeajiriwa. Mwalimu wa historia anaangukia C ya kazi na B ya ukaazi. Wa kujitolea, ukaazi wake ni C. Ukifika dirishani ukasema "mimi ni C" bila kusema C ipi, utapelekwa dirisha lingine, na huko nako utaulizwa kwa nini hukusema mapema. Nakala tatu za kila karatasi, picha za pasipoti nyingi kuliko za harusi yako.

Haya, tumbo. Hapa ndipo mnapoangukia.

Jiko lako ni la mkaa. Vijiti vikavu chini, mkaa juu, mlango wa majivu uelekee upepo unakotoka. Mgeni huelekeza mlango kwake ili aone vizuri, kisha anapuliza kwa mdomo dakika 40, muda wa kipindi kizima, na anachovuna ni kikohozi na nyusi fupi. Uache uwake nje mpaka moshi uishe. Usiingize jiko chumbani kulala nalo kwa sababu ya baridi ya mvua; mkaa ukiwaka unatoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na hiyo haibishi hodi. Mkaa wa kujaribia pima kwa sado, kile kindoo cha sokoni. Ukinunua gunia, liombe limwagwe: juu mapande kama vichwa vya watu, chini vumbi la kupakia ubao.

Ugali wa muhogo haupikwi kama wa mahindi. Rudia na mimi. Wa mahindi unaanza na uji, unaacha uchemke, unaongeza unga. Wa muhogo, maji yachemke kabisa, punguza moto, mimina unga kwa mkupuo, mwiko uingie hapohapo, songa kwa nguvu dakika chache, epua. Ukianza na uji wa muhogo, mwalimu, hujapika ugali, umepika gundi. Usimwage! Ni gundi ya kweli, na dukani hakuna nyingine. Ukiitaka kwa makusudi, vijiko viwili vya unga kwa kikombe cha maji, koroga kwanza kwa maji baridi kusiwe na mabuje, pika mpaka iwe kama kioo cha bafuni. Ndiyo inayobandika chati na ramani zote unazoziona ukutani. Ubaya wake ni kwamba panya nao wanaijua. Ramani ya Afrika ya kidato cha pili imeliwa kuanzia Cape Town, sasa wako Zambia, wanapanda.

Na unga wenyewe uulize ulivundikwa siku ngapi. Muhogo mchungu una sumu. Unalowekwa siku tatu nne mpaka ulainike, ndipo unaanikwa na kusagwa. Muuzaji mwenye haraka si rafiki wa tumbo lako.

Mawese. Ni mekundu, ni matamu, na asubuhi ya baridi yanaganda kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Utaona mtu na shahada yake anachokonoa chupa kwa peni. Simamisha chupa kwenye maji ya moto, yatashuka. Lakini usiyapike umevaa shati jeupe. Tone moja la mawese kwenye shati jeupe ni kama mwajiriwa wa kudumu: halihami, halistaafu.

Dagaa nao wana kalenda yao, na si ya wizara. Wanavuliwa usiku kwa taa: mwanga unawavuta, wavu unawakusanya. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina taa ya bure, dagaa hawaoni sababu ya kuifuata karabai yako. Wavuvi wanapumzika, bei inapanda. Kwa hiyo tazama angani kabla ya kutazama pochi: nunua mwezi ukiwa mwembamba, wakavu, wanaometa, wanaovunjika ukiwakunja. Wakikunjika tu kama mkanda, wameanikwa nusu, wataota ukungu ndani ya wiki. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Samaki walizaliana. Walimu walikula maharage.

Na hilo ziwa usilitazame kwa hasira wakati bomba limekauka. Najua. Kina chake kinafika mita 1,470, la pili duniani kwa kina, unaliona hapo kutoka dirishani, na wewe una madumu mawili ya lita 20 unamsubiri kijana wa baiskeli. Maji hayapandi kilima kwa kutazamwa. Pampu inataka umeme, na umeme ukikatika, unakatika na maji yake. Weka akiba ya madumu manne daima: moja kunywa baada ya kuchemsha, moja kupikia, mawili ya mengineyo. Ukiishiwa usiende kuoga kwenye majani ya ufukweni. Konokono wa humo wanabeba kichocho, na mamba habebi chochote, anakuja mwenyewe.

Umeme tumeshautaja, unatosha. Ni tarakimu 20 za LUKU, umeme wa kulipia kabla, unazobonyeza gizani, simu ikiwa na asilimia 3.

Sasa kufundisha, ile kazi ndogo uliyojia.

Darasa lako lina watoto 120. Tangu ada ifutwe mwaka 2016 wanakuja, na waje, ni haki yao. Lakini hesabu ni hesabu. Kipindi ni dakika 40, yaani sekunde 2,400. Gawa kwa 120, kila mtoto ana sekunde zako 20. Ukiita majina yote kwa sekunde 3 kila mmoja, dakika 6 zimekwenda, na bado hujatamka vizuri hata moja lenye Nt- wala Nd-. Viongozi wa madawati wakuhesabie, dawati kwa dawati, dakika moja na nusu imekwisha. Daftari 120 kwa dakika 2 kila moja ni saa 4 za kusahihisha. Toa maswali matano badala ya kumi. Usijifanye shujaa, mashujaa wote tumewasindikiza stesheni.

Mvua ikianza, kuanzia Oktoba au Novemba, darasa la bati lisilo na dari halisikii mtu. Wageni wanapaza sauti. Bati linapaza zaidi. Andika ubaoni: "Soma ukurasa wa 34, jibu swali la 1 hadi la 5", kaa kimya, sogeza madawati mbali na tundu. Tundu liko usawa wa meza ya mwalimu, hilo limepimwa.

Maabara hatuna, ila tuna betri zilizokufa. Chukua zile kubwa za tochi, za kawaida; za alkalaini hazina kijiti ndani, usijisumbue. Pasua kwa koleo, toa kijiti cheusi cha katikati, hicho ni kaboni. Vijiti viwili, kikombe cha maji, chumvi ya Uvinza kijiko kimoja, betri nzima nne zimeungwa mfululizo, volti 6. Upande hasi utatoa mapovu mengi, hiyo ni hidrojeni. Upande chanya utatoa harufu ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, hiyo ni klorini, fungua madirisha. Yasiyokuwa na vioo hayahitaji kufunguliwa. Mikono ioshwe kwa sabuni, na ule unga mweusi wa betri usiguswe na mtoto anayekaribia kula kiporo.

Homa ikikushika, usijipe dawa kwa kubahatisha. Nenda kapime, kitone cha damu kidoleni, robo saa majibu. Ukikutwa na malaria utapewa dawa ya mseto, vidonge 24 kwa mtu mzima: vinne palepale, vinne baada ya saa 8, halafu vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili. Meza pamoja na chakula chenye mafuta, maana bila mafuta dawa hiyo hainyonywi vizuri. Umeona? Mawese yana kazi. Na usiache siku ya pili eti umepona.

Nimesahau michango ya harusi. Utapewa kadi nzuri ina maua na jina lako limeandikwa kwa mkono. Utafurahi, utasema Kigoma wanakupenda. Hiyo ni kadi ya mchango, si ya mwaliko. Ya mwaliko inakuja ukishalipa, na kiasi ulicholipa ndicho kinachosema utaingia peke yako au na mwenzako. Usitaje ahadi kwa furaha ya kikao. Ahadi ina mhasibu, na mhasibu ana namba yako ya simu.

Jioni jua linarudisha deni lake. Wenzetu wa Dar wameshawasha taa, huku saa moja jioni bado kweupe, linazama pole pole upande wa Kongo, ziwa zima linakuwa rangi ya mawese. Zile dakika 39 walizokunyima asubuhi ndizo hizo, unalipwa mkononi, na unalipwa ukiwa umeinamia meza kwenye daftari la 87. Bado 33. Umeme nao, tazama, ndiyo huo umekwenda.

Kiberiti umekiweka wapi?